Mbwa Aliyebweka kwenye Kaseti

Nyie mnaotembea na studio nzima mfukoni, sogeeni hapa kidogo. Shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjazitoa, maana najua nyingine zingesahaulika njiani. Mimi naitwa Mzee Kihwele, fundi sauti mstaafu, mkazi wa Dodoma kwa kupenda na Mhehe wa Iringa kwa kuzaliwa. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikiwa nimevaa hedifoni, nikinasa sauti za watu wengine kwa ajili ya filamu. Na sheria ya kwanza ya kazi ile, kabla hujafundishwa hata kuwasha mashine, ni kwamba fundi sauti hana sauti. Hakohoi, hapigi chafya, hacheki. Ukisikika kwenye mkanda wako mwenyewe, umeharibu kazi.

Sheria hiyo nilipewa na mkubwa wangu wa kwanza, Bwana Makame, mtu wa Tanga. Bwana Makame hakuvaa saa, kwa sababu saa inagonga. Viatu alivua. Chai hakunywa mpaka kazi iishe, kwa sababu akinywa tumbo lake lilikuwa linanguruma, na alikuwa akisema maiki haina adabu, haiwezi kujifanya haijasikia. Mchana mmoja tukirekodi kikao cha wazee, tumbo la mzee mmoja lilinguruma katikati ya hotuba ya mwenzake. Bwana Makame alinigeukia akanitazama mimi. Nilitamani kujitetea lakini sheria hairuhusu kusema, kwa hiyo nikabeba tumbo la watu mpaka jioni.

Nilipohamia huku katikati ya nchi nikakutana na adui ambaye Bwana Makame hakuwahi kunitajia. Upepo wa Dodoma ukiingia kwenye maiki unasikika kama mtu anaburuta kabati. Vitu vya kuukinga vilikuwa vinauzwa Ulaya, na sisi tulikuwa hapa. Dawa yake ni soksi. Unavalisha maiki soksi ya sufu, unaifunga na mpira, upepo unabaki nje. Soksi iwe safi, na hilo nalirudia: iwe safi. Mwigizaji mmoja mwenye jina kubwa aligoma kumtamkia mchumba wake maneno ya mapenzi mpaka nibadilishe soksi, na kusema kweli alikuwa na haki.

Haya, filamu yenyewe. Iliitwa Harusi ya Kiangazi, na tuliipiga kwenye kijiji kimoja mbele ya Chamwino, enzi za kaseti. Ilimhusu bibi harusi ambaye wazee wamesema hataolewa mpaka mvua inyeshe, na mvua hainyeshi. Filamu ikaonyeshwa, ikasifiwa, ikasahaulika. Wala sijui leo nani anaweza kukusimulia mwisho wake. Kilichobaki ni albamu ya muziki wake, iliyotoka kwa kaseti, ngoma za kijijini na sauti za mle ndani. Kaseti ile ilipigwa kwenye harusi, kwenye mabasi, kwenye vilabu vya pombe, mpaka watu wakasahau kwamba iliwahi kuwa na filamu.

Kuna mvua kwenye albamu ile ambayo watu wanaisifia hadi leo. Haikuwa mvua. Mnaijua Dodoma, ukisubiri mvua ili uirekodi unaweza kustaafu kwanza. Tulichukua uwele, akina mama wakawa wanaumimina polepole kwenye ungo, mimi chini na maiki yangu. Tulianza na mahindi ikatoka mvua ya mawe. Mtama ulikuwa mzito kidogo. Uwele ndio ukatoa ile mvua ya kwanza, yenye aibu. Nilijivuna sana, mpaka nilipopita Kibaigwa miaka kadhaa baadaye, kaseti inapigwa kwenye kibanda, dalali mmoja wa nafaka amekaa juu ya magunia, akasema bila hata kunitazama, "Huo ni uwele, na haujakauka vizuri."

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya mbwa.

Kwanza muelewe utani, maana naona wengine mmekulia mijini na mnadhani utani ni kurushiana picha za kuchekesha. Wahehe na Wagogo ni watani. Babu zetu walinyang'anyana ng'ombe mpaka wakachoka, walipochoka wakaamua kutaniana. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana na wajibu wa kukuzika. Sasa sisi Wahehe utani wetu mkubwa, nchi nzima inaujua, ni kwamba eti tunakula mbwa. Mimi sijawahi kula mbwa. Simjui aliyewahi kula. Ila nilijifunza mapema kwamba kwenye utani kukana ni kuongeza kuni.

Kiongozi wa ngoma pale kijijini alikuwa Mama Chilewa, mama wa Kigogo, mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kutoa amri hata akiomba maji. Ngoma yao ni muheme. Akina mama wanasimama, wamebana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga kwa viganja, na mmoja mbele anaongoza. Tulitaka ngoma hiyo kwa ajili ya harusi kwenye filamu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Simba. Simba alikuwa mbwa wa Mama Chilewa, mwekundu, mnene kuliko mbwa wengine wa kijiji, na alikuwa na tabia moja. Ngoma ikianza tu, anabweka. Ikinyamaza, naye ananyamaza na kuangalia pembeni.

Tulirudia asubuhi nzima. Viganja vya akina mama vikaanza kuuma, mwongozaji akaanza kunitazama mimi. Kwenye filamu kila kelele ni kosa la fundi sauti, hata ndege ikipita angani utaulizwa kwa nini umeiruhusu. Mwisho nikasahau kazi, nikasahau sheria, nikasahau Bwana Makame. Niliacha mashine inazunguka, nikamfukuza Simba kuzunguka zizi, hedifoni shingoni, waya unaburuzika nyuma, nikimwita majina ambayo siwezi kuyataja hapa.

Ndipo Mama Chilewa aliposema, taratibu, kama anayetoa taarifa ya kawaida: "Mwacheni. Mhehe akimfukuza mbwa, hamfukuzi ili aende."

Pakapita kimya kifupi. Halafu akina mama wote wakaangua kicheko, na ndani ya kicheko kile kile ngoma moja ikalia, nyingine ikaidaka, na muheme ukaanza wenyewe bila mtu kuhesabu. Simba, sijui ni aibu au ni nini, akalala chini akanyamaza. Ilikuwa ngoma nzuri kuliko zote nilizopata kunasa, na mashine ilikuwa inazunguka.

Mimi nilirudi kwenye mashine yangu nimefura kwa hasira, nikakaa kimya kama fundi anavyotakiwa. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watu miaka yote iliyofuata.

Wakati filamu inahaririwa nilikuwa nimetumwa Mtwara kwenye kazi nyingine, vinginevyo ningekula kile kipande cha mkanda kwa meno. Siku ya kuonyeshwa, nimevaa suti ya kuazima, nimekaa mbele na mke wangu, Mama Veronika, ikafika ile ngoma. Nikasikia Simba anabweka. Nikasikia sauti yangu inatukana. Nikasikia, "Mhehe akimfukuza mbwa..." Ukumbi mzima ukalipuka, sikusikia kilichoendelea, nikatokea mlango wa pembeni. Albamu ilipotoka, kipande kilikuwa palepale, upande wa pili, mwanzoni kabisa.

Tangu hapo sikuwa na raha mji huu. Nikipita Majengo sokoni, kuna mama atapiga mluzi wa kumwita mbwa. Nikinunua choroko naulizwa kama nyama tayari ninayo nyumbani. Kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe, mshereheshaji alikatiza keki ili awaambie wageni kwamba baba wa bwana harusi ndiye yule wa kwenye kaseti, na wageni wakasimama kupiga makofi. Nilipiga marufuku kaseti ile isikanyage nyumbani kwangu. Ikipigwa kwenye basi, nilikuwa nateremka kituo cha mbele na kungoja basi lingine. Ikilia kwa jirani, natoka natembea. Kwa hiyo mimi niliyeinasa albamu ile ndiye mtu pekee Dodoma nzima ambaye hakuwahi kuisikiliza mpaka mwisho.

Miaka imekwenda, kaseti zikaondoka, zikaja hizi zenu zisizoshikika. Juzijuzi akanipigia simu binti mmoja anaitwa Jesca. Ana studio Majengo, ghorofani, juu ya duka la nafaka. Amekulia Dar es Salaam, amekuja huku wakati wizara ya mama yake inahamia. Ni fundi mzuri, nalisema mapema ili nitakayoyasema baadaye yasije yakamharibia jina. Aliupata mkanda mkubwa wa asili wa albamu yetu kwa mtu aliyekuwa anautunza, na sasa Jesca anataka kuitoa upya mtandaoni.

"Shikamoo, Mzee. Njoo usikilize kazi yako," akasema. "Tumeisafisha mpaka inang'aa."

Nikapanda ngazi zile kwa shida. Akanivalisha hedifoni, na jamani, niliona aibu kwa machozi yaliyonitoka. Mvua ya uwele ilikuwa inanyesha ndani ya kichwa changu, kila punje mahali pake. Tukasikiliza upande wa kwanza wote. Ulipokaribia upande wa pili nikaanza kuvua hedifoni, kwa mazoea.

"Subiri, Mzee," akasema Jesca.

Muheme ukaanza. Safi, peke yake, kutoka kwenye kimya. Hakuna mbwa, hakuna Mhehe.

"Na ile sehemu ya mwanzo?" nikauliza.

"Nimeitoa. Kwanza ilikuwa na kelele nyingi, mbwa, watu wanacheka hovyo. Pili, yale maneno, Mzee, siku hizi watu watasema ni ukabila. Tutashambuliwa kwenye komenti mpaka tufunge akaunti. Na nikaona wewe mwenyewe umedhalilishwa."

Nilimshika binti wa watu mikono yote miwili. Nilimwagizia soda. Nilimwambia Mungu ambariki yeye na watakaomzaa na atakaowazaa, nikachanganya vizazi kwa furaha. Nilikuwa nimefunguliwa. Watoto wa kesho wangeisikia albamu yangu bila kujua kwamba niliwahi kumkimbiza mbwa.

Hapo ndipo mwenye busara angekwenda nyumbani akalala. Lakini mtani akishinda hawezi kunyamaza, lazima aende akatangaze. Nikamwambia Jesca aniwekee ile ngoma kwenye simu, na wiki ile ile nikaenda kwa Mama Chilewa.

Yupo bado. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake kwenye kigoda, macho yamechoka lakini masikio ni yale yale, maana alinitambua kwa mwendo.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba. Kamwene, mtani," akanijibu kwa salamu ya kwetu. "Umekuja na sufuria?"

"Mbukwa," nami nikamjibu kwa salamu ya kwao. "Leo sina haja ya sufuria. Leo nimekuja kukuzika."

Nikamwekea simu sikioni, nikarudi nyuma nimekunja mikono, nikingoja kuona uso wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasikiliza tena, ameinamisha kichwa, kidole kinapiga gotini pamoja na ngoma.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Hiyo ngoma inayoongoza ni wewe."

"Ngoma yeyote anaweza kupiga. Nauliza mimi niko wapi. Na Mazala yuko wapi, yule aliyekuwa akicheka anakoroma? Dada yangu yuko wapi?" Akanirudishia simu. "Wote tuliosimama pale tumebaki mimi na mmoja, na huyo mmoja hanijui tena nikimsalimia. Mazala hakuacha hata picha. Watoto wake walikuwa wanakuja hapa kusikiliza mama yao anavyocheka, mpaka kaseti ikakatika. Nikawaambia ngojeni, vitu hivi vinarudi."

Nikaanza kueleza kuhusu kelele, kuhusu kusafisha, na jinsi mitandao ilivyo. Alininyamazisha kwa mkono.

"Umewazika mara ya pili, Kihwele. Na umewazika kimya kimya. Mtani hazikwi hivyo." Halafu akasema, bila ukali wowote, "Mimi nataka niwasikie kabla sijawafuata. Basi."

Aliniita kwa jina. Tangu tujuane hakuwahi kuniita kwa jina. Nikaaga, akaniitikia vizuri, akanitakia safari njema, na hakunitania. Nyie hamjui uzito wake. Nilikaa kwenye gari mpaka Dodoma mjini nikihisi nimefukuzwa ukoo ambao si wangu.

Kesho yake nilikuwa studio kabla Jesca hajafungua. "Rudisha ile sehemu," nikamwambia. "Mbwa, matusi, vicheko, vyote."

Akaniuliza kama niko sawa. Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akaelewa haraka kuliko mimi, halafu akafunika uso kwa viganja.

"Mzee, sina."

Mkanda wenyewe ulikuwa umezeeka, ulipitishwa kwenye mashine mara moja tu, ukawa unabanduka ungaunga, haukufaa tena. Nakala ghafi alikuwa ameiweka kwenye diski moja, na diski hiyo iliungua siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Kilichokuwa salama ni kile kilichosafishwa. Kumbukeni hapo, wajukuu zangu, msafishe mnavyotaka, lakini uchafu utunzeni sehemu mbili.

"Labda kuna mtu ana kaseti ya zamani," akasema. "Hata moja."

Mficha uchi hazai. Niliteremka ngazi, nikaenda kusimama katikati ya soko la Majengo, mbele ya akina mama walewale wa choroko niliowakwepa miaka yote, nikauliza kwa sauti nani ana kaseti ya Harusi ya Kiangazi. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama ni mimi kweli au nimetumwa.

Halafu wakafurahi, jamani, sijapata kuwafurahisha watu hivyo. Walinitaka niseme ninaitafutia nini. Nikasema. Walinitaka niseme ni sehemu gani ya kaseti. Nikasema. Walinitaka niyaseme yale maneno yenyewe, kwa sauti, ili wawe na hakika tunazungumzia kaseti moja. Nikayasema, mbele ya magunia na wateja na mwendesha bajaji aliyezima injini ili asikie vizuri. Baada ya hapo ndipo wakaniambia kwamba hawana.

Ya mmoja ililiwa na redio. Ya mwingine watoto walifungulia utepe wakauvutia uani kote. Mama mmoja alikuwa nayo nzima, lakini mwaka mmoja ndege walipovamia uwele wake kule Bahi aliutoa utepe wote akaufunga shambani kwenye miti, ukawa unameremeta na kuvuma upepo ukipita. "Walikimbia kweli," akanifariji. Nikafikiria sauti yangu ikitukana ndege wa Bahi na sikujua nijivune au nilie.

Wakanielekeza Kibaigwa, kwa dereva mmoja wa lori mstaafu asiyetupa kitu. Nikaenda. Alikuwa nayo, kasha lenyewe, picha ya bibi harusi imefifia lakini ipo. Tukaiweka kwenye redio ya lori bovu lililopaki nyuma ya nyumba, tukageuza upande wa pili, na ikatoka kwaya. Mke wake alikuwa ameziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi akarekodi kwaya ya kanisani juu yake. Tulisubiri tukidhani labda Simba atatokea mwisho wa wimbo. Walikuwa wanaimba vizuri sana, na wameijaza kaseti yote.

Ng'ombe akivunjika mguu hurejea zizini. Nilirudi nyumbani nimevimba miguu, nikakaa sebuleni bila kuvua kofia. Mama Veronika akaniletea maji, akauliza siku hizi natafuta nini mjini mpaka nasahau kula. Nikamweleza yote, tangu Jesca mpaka kwaya. Alinisikiliza amesimama. Kisha akaingia jikoni, nikasikia makopo yanagongana, akatoka na kopo la siagi la zamani. Ndani yake, juu ya vifungo na nyuzi, kulikuwa na ile kaseti.

"Umeipata wapi?" nikauliza.

"Niliinunua ilipotoka."

"Mimi nilikataza."

"Ulikataza," akakubali.

Akaenda tena, akarudi na redio yetu ya zamani ambayo mimi nilijua ilikufa. Haikuwa imekufa. Akaichomeka, akaweka kaseti, wala hakuhitaji kutafuta mahali, mkono wake ulipajua. "Kaa," akaniambia, maana nilikuwa nimeanza kunyanyuka.

Simba akabweka. Ningemtambua popote. Nikajisikia kijana, mkali, nikimtukana kuzunguka zizi, sauti inakwenda mbali na kurudi. Mama Chilewa akasema maneno yake. Kile kimya kifupi. Kisha kicheko, na kweli kuna mmoja anakoroma, Mazala huyo, na mwingine anaita mama yake. Ngoma ya kwanza ikalia. Na juu ya yote, karibu na maiki kuliko wote, kulikuwa na mwanaume anacheka. Anahema kama aliyetoka kukimbia, anajizuia, anashindwa, anaanza upya, mpaka anapiga kitu kwa kiganja, bati kama la mashine.

"Huyo nani?" nikauliza.

Mama Veronika alinitazama. "Fundi sauti mzima," akasema.

Nilikuwa mimi. Miaka yote hiyo nimeapa kwamba nilikasirika, na mkanda ulikuwa unanisuta kwenye kila basi, kwenye kila harusi, nami nikiteremka kabla haujamaliza kusema.

"Ulikuwa unakwenda safari," mke wangu akaendelea, akiisimamisha kaseti taratibu isije ikakatika. "Mwezi Singida, mwezi Mtwara. Ukirudi umezoea kunyamaza, hata watoto wanakuogopa. Mimi nilikuwa naweka hii. Majirani walidhani namsikiliza mbwa."

Nikavua kofia.

Basi Jesca ameikopi, safari hii sehemu tatu. Haijang'aa sana, ina mvumo wa kaseti, lakini wote wamo. Alipokuwa anaiunganisha akasimamisha mashine. "Mzee, hiki kicheko cha mwanaume kimezidi, kinapasua. Nikishushe kidogo?" Bwana Makame angemwambia akate palepale, na kwa kanuni za kazi angekuwa sahihi. Nikamwambia akiache. Kuhusu komenti, nimemwambia akishambuliwa kwamba ni ukabila awape hao namba yangu, tena wa kwanza kupiga wawe Wahehe.

Jumamosi tukaenda kijijini kule mbele ya Chamwino, mimi, Mama Veronika na Jesca, na spika ndogo. Watoto wa Mazala walikuwa wameshafika, watu wazima wenye mvi, wamekaa kwenye mkeka. Mama Chilewa alisikiliza ameshika mikono yao. Vicheko vilipotoka akawa anavitaja kimoja kimoja kwa jina, huyu fulani, huyu dada yangu, huyu mama yenu huyo, msikieni. Akafika kwenye kile cha mwisho akakunja uso.

"Na hili dume linalokufa hapa karibu?"

"Ni mimi, Mama," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Si ulituambia ulikasirika?"

"Nilisema uongo."

"Najua. Nilikuwepo," akasema. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani na kumpigia kelele mjukuu wake afunge mbwa haraka, Mhehe amefika na leo amekuja na mkewe.

Mbwa wenyewe alikuwa mwekundu, mnene, wa ukoo wa Simba bila shaka. Jesca aliporudisha ngoma kwa mara nyingine, akaanza kubweka. Watu wote wakanitazama mimi. Nikabaki nimekaa pale kwenye mkeka, nikamwacha abweke.